Stoo Yenye Dirisha

Kaka yake alimuuliza mara moja tu, kwa simu kutoka ugenini, jioni moja ya mvua, na yeye akakataa. Hapo ndipo mambo yote yalipoharibikia, na tusije tukamsingizia mtu mwingine.

"Nimeamua kurudi," kaka alisema. "Nitajenga kwenye kile kiwanja changu cha msituni. Nyumba ya tofali na vioo, ya kisasa, na wewe ndiye utakayeichora. Halafu nikawa nafikiri, kwa nini usije tukakaa wote? Wewe uko peke yako huko, na mimi niko peke yangu huku."

Moyo ulimruka. Alikuwa amesimama jikoni kwake, mkono mmoja umeshika simu na mwingine umeshika sufuria, ile ndogo ya mtu mmoja, na kwa kitambo hakukumbuka alitaka kuifanyia nini. Kisha mdomo wake ukajibu wenyewe, kama ulivyofundishwa.

"Aa, kaka, usijisumbue. Mimi nina kwangu."

"Haya," kaka akasema. "Basi sawa."

Akageuza mazungumzo, akaingia kwenye habari za tofali, kama zipakwe rangi au ziachwe zilivyo.

Sasa utasema mwanamke huyu amerogwa. Anatamani kitu mpaka moyo unamruka, anapewa, anakirudisha. Subiri kwanza. Ungemjua mama yao usingesema hivyo. Marehemu mama yao alikuwa na sheria moja iliyozishinda sheria zote za nyumbani: mtu hakubali mwaliko wa mara ya kwanza. "Mara ya kwanza ni adabu ya mwenyeji," alikuwa akisema, huku amewashika masikio wote wawili ili yaingie vizuri. "Mara ya pili ndiyo nia yake. Ukikubali ya kwanza, watasema kwetu hatuli." Basi watoto wale wakienda kwa jirani wakakuta chakula kimepakuliwa, wakikaribishwa husema wameshiba. Tumbo linanguruma kama mashine ya kusaga, mdomo unasema tumeshiba. Jirani akisema tena, "Njooni bwana, msione haya," hapo ndipo wanakaa, na wakikaa wanakula kwa nia ya kumfilisi mtu.

Kuna siku jirani mmoja hakusema mara ya pili. Walirudi nyumbani na njaa yao, kaka analia njia nzima, na yeye mdogo ndiye anayembembeleza mkubwa. Mama aliposikia hakuonyesha huruma yoyote. Alisema, basi huyo hakuwa na nia.

Ndiyo maana yeye, baada ya kukata simu, hakuhuzunika hata kidogo. Alioga, akala, akalala anatabasamu. Alikuwa amekataa vizuri, kwa sauti ya upole, na sasa alikuwa anangoja aulizwe tena. Hakuwaza kwamba kaka yake ameishi ugenini miaka mingi kuliko aliyoishi kwao, tena mahali ambapo ukisema hapana sahani inaondolewa mezani na hakuna anayeirudisha. Sheria ya mama ilikuwa imemtoka kichwani kitambo, kama zinavyotoka namba za simu za watu waliohama.

Alikuwa msanifu wa majengo. Mafundi walimwita Mama Ramani, ingawa hakuwa mama wa mtu. Ndoa yake ilikufa zamani, bila kelele na bila watoto, na tangu hapo aliishi kwenye nyumba ya kupanga, ghorofa ya tatu, juu ya duka la mtu anayetengeneza feni. Meza yake ya kulia ilikuwa na viti viwili. Kimoja alikikalia, cha pili kilikuwa kimebeba ramani zilizokunjwa, na zilikuwa zimekaa pale muda mrefu kiasi kwamba mto wa kiti ulikuwa umebonyea kwa ajili yao. Mchana alikuwa na watu, maana kazi ya ujenzi haikosi watu wa kugombana nao. Jioni alifungua mlango, akasalimia kwa mazoea, akaingia. Aliwachorea wengine sebule za kukaa watu kumi, yeye akisikiliza feni za watu zikijaribiwa huko chini. Alikuwa mpweke. Tuliseme neno lenyewe, maana yeye asingelisema, akiulizwa hujibu, "Mimi niko sawa, sipendi kelele."

Kwenye kiwanja alikwenda mwenyewe, akapita kati ya miti na utepe wa kupimia. Ulikuwa msitu wa misonobari, mirefu, iliyopandwa na watu waliokwisha kufa, na chini yake ardhi ilikuwa laini kwa majani makavu kiasi kwamba hata viatu vyake havikusikika. Akaweka alama kwa chaki kwenye kila mti mkubwa, maana alikuwa ameapa hautakatwa hata mmoja. Nyumba ndiyo itakayopisha miti.

Akaichora kwa mkono kwanza, kama kawaida yake, kisha akaihamishia kwenye kompyuta. Ukuta mmoja mrefu wa tofali za kuchoma, usiopakwa chochote, uliotoka barabarani ukaingia msituni, ukipinda mahali pawili kukwepa miti. Upande wa barabara ukuta ule haukuwa na dirisha hata moja. Anayepita asione kitu. Upande wa pili, kioo kuanzia sakafuni mpaka dari, sebule na jiko na chumba cha kulala vyote vinaangalia misonobari. Paa la mteremko mmoja, jepesi. Ilikuwa kazi nzuri, na alijua. Mtu akiwa hodari kwenye kitu anajua, hizo nyingine ni unyenyekevu wa mdomoni.

Kaka alikuwa ametaka chumba kimoja cha kulala, na chumba cha kusomea. Akavichora. Kisha, mwisho kabisa wa ukuta, pale ulipoishia ndani ya miti, akachora chumba kingine. Hakikuwa kikubwa. Kilitosha kitanda, kabati, na meza ya kuchorea mbele ya dirisha, na dirisha lenyewe lilikuwa pana, limewekwa chini kidogo kuliko kawaida, kwa kimo cha mtu mfupi aliyekaa. Yeye alikuwa mfupi. Pembeni akapitisha bomba la maji, kwa ajili ya bafu dogo, likija kuhitajika.

Alipofika kwenye kuandika jina la chumba, kalamu ilimgandia mkononi. Angeandika nini? "Chumba cha dada"? Atajialikaje mwenyewe, mama yake azinduke kaburini? Akaandika STOO.

Hesabu yake ilikuwa rahisi. Kaka ataiona ramani, ataona stoo yenye dirisha na bomba, atacheka, atasema, "Mdogo wangu, hii si stoo, hiki ni chumba cha mtu. Njoo ukae." Hiyo itakuwa mara ya pili. Naye atasema haya, nitakuja, na sheria itakuwa haijavunjwa.

Ramani ikaenda. Kaka akapiga simu, akaisifu mpaka akaishiwa maneno. Juu ya stoo hakusema lolote.

Haya, akajaribu njia nyingine. Akakata kadibodi, akatengeneza nyumba yenyewe ndogo, ya kuweka mezani, yenye miti ya vijiti na vioo vya karatasi ya nailoni. Kwenye nyumba za namna ile huwekwa watu wadogo wa kadibodi, ili mteja aone ukubwa. Akakata mmoja mrefu, akamweka sebuleni. Akakata wa pili mfupi, akamweka dirishani kwenye stoo. Akapiga picha kwa makini, taa imekaa upande wa yule mfupi, akaituma. Kisha akakaa na simu mapajani kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

Simu ikalia.

"Nzuri sana," kaka alisema. "Naona watu wawili."

"Ndiyo."

"Yule wa kwanza nimemjua, ni mimi, hata kitambi umenikatia. Huyu wa pili ni nani?"

Hapo sasa. Mlango umefunguliwa, kilichobaki ni kuvuka kizingiti. Lakini yeye alikuwa anangoja mwaliko, na hili halikuwa mwaliko, lilikuwa swali, na kulijibu ni kuomba, na kwao hawaombi. Uso ukamwaka moto ingawa alikuwa peke yake chumbani.

"Ni kipimo tu," akasema. "Wa kuonyesha urefu wa dirisha."

"Aha," kaka akasema. "Kipimo." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Haya, mdogo wangu. Endelea na kazi."

Angalau angekohoa. Mtu na elimu yake, mtu anayegombana na wauza nondo mpaka wanamkimbia, anashindwa kusema neno dogo la herufi nne, "mimi". Ukimfikiria unataka kumpiga kibao, kisha unataka kumkumbatia.

Ujenzi ukaanza. Fundi mkuu alikuwa mtu mrefu, amenyooka hata akiwa amekaa, na wenzake walimpa jina la Timazi, ile kamba yenye uzito ambayo mafundi hupimia unyoofu wa ukuta. Alikuwa na maneno mengi, na alimpenda Mama Ramani kwa sababu alikuwa na jibu kwa kila utani. Kuta zilipofika kwenye madirisha, Timazi alisimama mbele ya stoo, akakunja mikono.

"Mama Ramani, nisaidie. Humu mnaweka nini?"

"Vitu."

"Vitu vyenyewe vinapenda kutazama miti?"

"Jenga, Timazi."

"Najenga, mama. Nimeuliza tu. Mimi kwangu hata mke wangu hana dirisha la namna hii, sembuse ndoo na mafagio."

Mafundi wakacheka, naye akacheka nao, kisha akaenda nyuma ya rundo la tofali akajifanya anazikagua. Moyo wake ulikuwa umejaa. Kila alipokuja saiti alianza na chumba kile. Aliingia, akasimama pale meza yake itakapokaa, akainama kidogo kupata kimo cha mtu aliyekaa kitini, akatazama. Vigogo vya misonobari vilikuwa vimejipanga mpaka macho yanachoka kuvifuata. Alikwisha kujua asubuhi mwanga utatokea upande gani. Alikwisha kujua katika viti vyake viwili atakuja na kipi. Vyote viwili, na ramani atazitafutia rafu.

Kisha maagizo yakaanza kuja, na ndiyo yaliyommaliza. Kaka aliandika: maegesho yawe ya magari mawili. Mawili. Alisoma ujumbe ule ofisini, akausoma tena kwenye ngazi. Kaka yake ni mtu mmoja, gari la pili la nani? Yeye alikuwa na gari dogo, bovubovu, lakini gari. Haikupita muda, agizo lingine: liongezwe bafu la pili. Akaimba siku nzima. Akampigia fundi wa mabomba akamwambia bomba la stoo lisiguswe, bafu litakaa palepale, kwa jinsi alivyokuwa amepanga. Kumbe kaka ameelewa, akajiambia. Ameelewa, ananialika kwa vitendo, atanitamkia akija. Hata mama asingelalamika. Hiyo ni nia iliyo wazi kuliko maneno.

Jirani yake wa ghorofa ya pili alimkuta anakagua maboksi matupu nyuma ya duka la feni.

"Unahama?"

"Aa, wapi," alisema. "Naangalia tu." Lakini alichukua maboksi mawili, akayapeleka juu.

Ujumbe wa tatu ulimkuta saiti, vioo vya sebule vikiwa vinashushwa kutoka kwenye lori. Ulikuwa mfupi. "Lile dirisha la stoo lizibwe. Stoo haihitaji dirisha. Bafu la pili lihamie karibu na chumba cha kusomea. Samahani kwa usumbufu."

Akakaa kwenye rundo la mchanga. Timazi akaja, akadhani jua limempiga, akamletea maji. Akanywa. Akampa simu asome mwenyewe.

Timazi alisoma akisogeza midomo, kisha akarudisha simu. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakuwa na utani.

"Mpigie," akasema.

Akampigia. Aliondoka pale, akaenda kusimama kati ya miti, akampigia. Kaka akapokea, sauti yake ya kawaida, ya uchovu kidogo. Akamuuliza habari za huko. Baridi, kaka akasema. Na huko? Jua, akasema. Vioo vimefika? Vimefika, havikuvunjika hata kimoja. Hongera. Asante. Neno lilikuwa limekaa kooni, limekomaa kabisa, kilichobaki ni kufungua mdomo.

"Nimeona ujumbe wa dirisha," alisema.

"Ndiyo. Inawezekana?"

"Kila kitu kinawezekana," alijibu. "Ni tofali tu."

Akakata simu, akaegemea mti, akalia. Hakulia vizuri hata kulia kwenyewe. Alilia kwa kificho, mgongo ameuelekeza saiti, asije akaonekana. Aliona amejidhalilisha bure. Kama wangekuwa watoto, mama angesema lile neno lake, basi huyo hakuwa na nia, na lingekwisha. Lakini alikuwa mtu mzima wa mvi, na halikwisha.

Kuziba dirisha ni kazi rahisi ukitaka kuifanya ovyo. Unajaza tofali kwenye tundu, unapaka saruji, unaondoka, na umbo la dirisha linabaki ukutani milele kama kovu la chanjo. Timazi alishaanza kuchanganya saruji.

"Hapana," alisema Mama Ramani. "Toa kila nusu tofali pembeni, huku na huku. Nataka tofali mpya ziumane na za zamani, mstari kwa mstari."

"Mama, hiyo ni kazi ya siku mbili. Nani atajua?"

"Zichaguliwe tofali zilizochomwa moto uleule. Sitaki rangi mbili."

Akasimama pale mpaka ikaisha. Alishika pima maji mwenyewe. Kila mstari ulipopanda, msitu ulipungua. Vikaondoka vishina, vikaondoka vigogo, yakabaki matawi, ikabaki anga kidogo. Tofali la mwisho Timazi alimnyooshea mwiko, akidhani pengine angependa kuliweka kwa mkono wake. Akatikisa kichwa. Likawekwa. Chumba kikawa giza, kikawa stoo ya kweli, na ukiutazama ukuta ule kwa nje huwezi kusema paliwahi kuwa na kitu. Alifanya kazi nzuri. Kama ni kujifuta, alijifuta kwa ustadi.

Yale maboksi mawili aliyarudisha nyuma ya duka.

Kaka alikuja nyumba ilipokamilika. Dada alimpokea kwenye malango ya uwanja wa ndege, na kwanza alimpita bila kumtambua, kwa jinsi kaka alivyokuwa amepungua. Hata kitambi alichomkatia kwenye kadibodi hakikuwepo. Mkononi alikuwa na sanduku moja dogo, la mtu anayekuja harusini na kuondoka.

"Mizigo mingine inakuja kwa meli?" akamuuliza walipokwisha kukumbatiana.

"Tutaongea," kaka akasema.

Njia nzima waliongea habari za watu waliokufa, kama ndugu waliokaa mbali wanavyoongea. Walipofika, kaka hakuingia mara moja. Alitembea na ukuta mrefu tangu barabarani, kiganja kimeugusa, akapinda ulipopinda, akasimama kila penye mti. Alipoingia ndani akakuta msitu mzima umesimama sebuleni, upande wa pili wa kioo, akavua miwani akafuta macho.

"Sijawahi kuingia nyumba nzuri kama hii," alisema. "Na mwenye kuichora ni kitinda mimba wa mama yangu." Akavaa miwani. "Wataipenda."

"Akina nani?"

Nyumba ilikuwa haina kiti hata kimoja. Kaka akajishusha taratibu, akakaa sakafuni, mgongo kwenye tofali, miguu ameinyoosha kama mtoto.

"Nimeiuza," akasema. "Mtu na mkewe, nilifanya nao kazi. Niliwaonyesha ile picha yako ya kadibodi kwa kujisifu tu, wakaipenda. Leo wanakuja kuchukua funguo. Yale magari mawili ni yao. Na mengine yale, mabafu, dirisha. Nilitaka nije nikwambie kwa mdomo wangu. Kwa simu nilishindwa."

Yeye alibaki amesimama katikati ya sebule, mkoba ungali begani. "Ulisema unarudi."

"Nilisema tukae wote," kaka akasema. "Ulipokataa nikajikaza, nikasema haidhuru, nitarudi hivyohivyo. Lakini kila ulipotuma ramani nilijiona humu ndani, nimekaa mwenyewe, nakula huku nakodolea miti. Upweke wa kule nimeuzoea, una duka chini na basi linapita nje. Huu wa msituni ningeuanza upya, kwa umri huu. Niliogopa, mdogo wangu. Sina neno jingine."

"Sikukataa."

"Ulikataa. Ulisema una kwako."

"Uliniuliza mara moja."

"Kwani mtu anaulizwa mara ngapi?"

Alimtazama tu, na kaka akamtazama yeye, na taratibu sana, kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa, akaona uso wa kaka yake unabadilika. Mdomo ukafunguka. Mkono ukaenda wenyewe sikioni, pale mama alipokuwa akiwashika.

"Nimeshiba," kaka alisema kwa sauti ndogo. "Ee Mungu wangu. Tumeshiba."

"Nilikuwa nangoja uniulize tena."

"Nilikuuliza tena. Kwenye picha. Nilikuuliza yule wa pili ni nani." Akashusha mkono. "Nilikuwa naomba useme ni wewe."

Yeye alikuwa amejaa lawama kwa miezi, amezipanga vizuri kama tofali, na sasa alikuta nusu ya hizo ni zake mwenyewe. Akampa mkono, akamwinua, akamwongoza kwenye korido mpaka mwisho wa ukuta. Akafungua mlango, akawasha taa. Chumba kilikuwa kitupu, kikavu, kinanuka saruji.

"Hapa ndipo lilipokuwa dirisha," kaka alisema. Alipapasa ukuta, akitafuta. "Sioni hata mahali pake."

"Haikuwa stoo," alisema. "Ilikuwa ya kwangu. Hapa meza yangu, kitanda kule. Niliandika stoo kwa sababu sikujua kuandika jina langu kwenye nyumba ya mtu."

Kaka aliweka viganja vyote viwili kwenye tofali, akainamisha kichwa kati yake. Akalia. Yeye hakumbembeleza safari hii. Alikuwa ameshalilia ukuta ule kabla yake, na alikuwa amechoka kuwa na adabu.

"Niulize tena," akamwambia.

"Nyumba si yangu tena."

"Najua. Niulize."

Kaka akageuka. Akajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Mdogo wangu," akasema, "njoo tukae wote."

"Nitakuja," alijibu, kabla neno la mwisho halijamtoka kaka.

Wakasimama pale wanatazamana, chini ya taa, kwenye chumba kisicho na dirisha. Kisha wakasikia hodi kwenye mlango mkubwa. Wenye nyumba walikuwa wamefika.